Mwanamke Aliyeomba Asifunuke: Walemavu Katika Habari, Vichekesho na Mimbari Zetu



Amepokea Ataa bin Abi Rabaah kuwa Ibn Abbas (r.a.) alimuuliza kama angependa kuoneshwa mwanamke miongoni mwa watu wa Peponi. Akamuonesha mwanamke mweusi. Mwanamke huyo alikuwa na kifafa, na alipomwendea Mtume (s.a.w.) alimlalamikia mambo mawili: kwamba anaanguka, na kwamba akianguka mwili wake hufunuka. Mtume (s.a.w.) akampa hiari ya kusubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Kisha akaongeza ombi moja, kwamba aombewe asifunuke, naye akaombewa. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Khatibu wengi wakiifikia hadithi hii husimulia subira ya mama huyu na kuishia hapo. Sisi tunataka tusimame kwenye ombi lake la pili. Maradhi aliyakubali; kufunuliwa mbele ya macho ya watu hakukubali, na Mtume (s.a.w.) hakumwambia kuwa hilo ni dogo. Kwa kipimo hiki tutazame namna walemavu wanavyooneshwa katika magazeti, televisheni, kanda za vichekesho na simu zetu, na, jambo lililo zito zaidi, namna wanavyooneshwa na sisi wenyewe misikitini.

Tuanze na Ramadhani. Kila mwaka ukiingia mwezi huu huanza msimu wa picha. Mfadhili anakuja na unga, sukari na tende, pengine na baiskeli za walemavu tatu au nne. Bango linatundikwa. Vipofu na viwete wanapangwa mbele, kiongozi anashika mfuko upande wake na mlemavu anashika upande wa pili, wote wanageuzwa kuitazama kamera, na kwa kuwa kipofu haioni kamera iko wapi, kuna kijana wa kumshika kidevu amuelekeze. Kesho yake picha iko gazetini na chini yake imeandikwa jina la mfadhili, cheo chake na idadi ya mifuko. Jina la aliyepokea halipo. Ameandikwa "mmoja wa walemavu".

Tunajua jibu litakalotolewa. Watasema Mwenyezi Mungu (s.w.) amesifu sadaka ya dhahiri na ya siri katika Suratul-Baqara (2:271), ingawa ya siri kwa mafakiri ameisema kuwa ni bora, na kwamba kuonesha kunawahimiza wengine watoe. Jibu hilo ni sahihi kwa kadiri yake. Lakini aya imeruhusu mtoaji adhihirishe sadaka yake. Uso wa mpokeaji si mali ya mtoaji. Anayetaka kuhimiza watu anaweza kupiga picha magunia, akatangaza kiasi, akataja hata jina lake kama nia yake imesalimika. Mguu uliokatika, jicho lililotoka na mtoto anayetokwa na mate havina kazi katika himizo hilo ila kuongeza huruma, na huruma hiyo inanunuliwa kwa sitara ya mtu mwingine. Aya ya 264 ya sura hiyohiyo imeeleza kuwa sadaka hubatilika kwa masimango na maudhi. Tunauliza: mtu ambaye picha yake akipokea kilo mbili za sukari inazunguka kwenye simu za majirani zake miaka mitatu baadaye, hayo si maudhi?

Jambo hili linatugusa watu wa kaskazini kwa namna ya pekee. Yalipotokea maporomoko ya tope na mawe kutoka mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, na Katesh na vijiji vya jirani wakafa makumi ya watu, wengi wetu tulipata habari kwa simu kabla ya redio. Pamoja na habari zilikuja picha: miili, majeruhi waliolala uchi chini, watoto waliovunjika viungo. Waliozirusha wengi hawakuwa na nia mbaya. Walitaka dua na misaada. Hata hivyo miongoni mwa watu wa namna hiyo huwamo wanaobaki na ulemavu maisha yao yote, na picha ya siku ile ya udhaifu wao hubaki kuwa ndiyo sura yao inayojulikana.

Chukua sasa Endagikot, kata iliyo katika mji wa Mbulu. Wakazi wengi ni Wairaqw, Waislamu ni wachache, na anayetafuta tiba kubwa wilayani humwendea Mlutheri huko Haydom, ambako hospitali yao imefanya kazi tangu mwaka 1955. Watafiti waliofanya kazi na hospitali hiyo katika miaka ya 2000 walikikuta kifafa kwa takriban mtu mmoja katika kila mia. Kwa hiyo yule mwanamke wa hadithi si mgeni katika vilima vya Mbulu. Yupo, na mara nyingi ana kovu la moto, kwa sababu aliangukia jikoni na waliokuwepo waliogopa kumgusa wakidhani povu lake linaambukiza. Je, ni lini mara ya mwisho redio au televisheni ilimuonesha mtu wa namna hii akizungumza jambo lolote lisilokuwa kifafa chake? Mkulima kiziwi wa Endagikot analima mahindi na maharage kama wenzake, ananyimwa mbolea kama wenzake, na bei ikianguka inamuangukia na yeye. Mwandishi anayekuja kuuliza habari za bei hamuulizi yeye. Akimtafuta, atamtafuta Siku ya Watu Wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba, na swali litakuwa: unajisikiaje?

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi walio na ulemavu wa aina fulani ni asilimia 11.2. Mwaka 2012 walikuwa asilimia 9.3. Yaani katika kila waumini kumi wanaosimama safu moja, mmoja yumo. Mtu wa idadi hiyo si ajabu ya kuoneshwa siku moja kwa mwaka.

Tuje kwenye vichekesho. Kanda za vichekesho na michezo ya televisheni zimejaa mchezaji anayejifanya kigugumizi, anayejifanya kiwete, anayekodoa macho kama chongo, na watu wanacheka. Tumewasikia hata wazazi wanaosali wakisema kuwa huo ni mchezo tu na hakuna aliyetajwa jina. Fiqhi ina neno mahususi juu ya hili. Bibi Aisha (r.a.) alimtaja Safiyya (r.a.) kwa ishara ya ufupi wake, na Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa amesema neno ambalo lingechanganywa na bahari lingeiharibu. Katika mapokezi hayohayo ya Abu Daud na Tirmidhi, Bibi Aisha anaeleza kuwa alimuigiza mtu mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akasema hapendi kumuigiza mtu hata akipewa kadha wa kadha. Kwa msingi huo Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Al-Adhkar, ameingiza kuigiza ndani ya mlango wa kusengenya, na mfano anaoutoa ni wa mtu anayetembea akichechemea ili kumuonesha mwingine. Hakushurutisha ulimi useme kitu. Mwili peke yake unasengenya.

Wapo wanaosema kuwa kiziwi hasikii anavyochekwa, na kipofu haoni anavyoigizwa, hivyo hakuna aliyeumizwa. Hawa warudi kwenye sura ya 80, Suratu Abasa. Ibn Umm Maktum (r.a.) alikuja kuuliza mambo ya dini yake wakati Mtume (s.a.w.) ameshughulika na wakubwa wa Kikuraishi, na Mtume akakunja uso akageuka. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Hakuuona uso ule ulivyokunjwa. Hata hivyo aya ziliteremka kwa ajili ya mkunjo wa uso ambao mwenyewe hakuuona, na zinasomwa mpaka leo. Basi haki ya mtu ya kutokunjiwa uso haitegemei kama ameuona au hakuuona.

Kwa aya hizo hizo tunaingia kwenye suala la majina, ambalo limewashughulisha sana wanaharakati na wahariri. Zamani ilikuwa kiwete, kipofu, zeruzeru. Kisha ikawa mlemavu na albino. Leo, kwa mujibu wa lugha ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, ni mtu mwenye ulemavu, na mtu mwenye ualbino. Wapo wataalamu wa lugha wanaoona kasoro katika Kiswahili chenyewe, kwamba kipofu, kiziwi, kiwete na kilema vimewekwa katika ngeli ya ki-vi pamoja na kiti na kisu. Hoja hiyo inavutia ila tusiikuze. Tunasema kipofu *anasoma*, hatusemi kinasoma, na kiongozi naye yuko katika ngeli hiyo na hajalalamika.

Qur'ani imemwita Ibn Umm Maktum *al-a'maa*, yaani kipofu. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa sifa hiyo imetajwa kumtolea udhuru: aliyakatiza mazungumzo kwa kuwa hakuona kuna nani. Neno limetumika kumtetea. Na wanazuoni wetu wa hadithi wamejaa majina ya namna hii: Al-A'mash, mwenye macho dhaifu, yaani Sulayman bin Mihran wa Kufa, Al-A'raj, kiguru, yaani Abdurrahman bin Hurmuz, mwanafunzi wa Abu Huraira (r.a.), Asim Al-Ahwal, mwenye makengeza. Imamu Nawawi ameitatua mas'ala hii katika Riyadhus-Salihin na katika Al-Adhkar. Miongoni mwa hali sita ambazo kumtaja mtu kwa anachokichukia kunaruhusiwa ni kumtambulisha, iwapo anajulikana kwa jina hilo. Ni haramu kulitaja kwa kumdhalilisha. Na ikiwezekana kumtambulisha kwa jina jingine, hilo ndilo bora.

Huu ni mzani wenye sehemu tatu na mhariri yeyote anaweza kuutumia leo. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany wa CUF. Mwaka 2015 Dk. Abdallah Possi akateuliwa naibu waziri. Siku ya kwanza ilikuwa na maana kusema kuwa ni watu wenye ualbino, kwa kuwa wakati ule wenzao walikuwa wakiwindwa na kukatwa viungo, na kuingia kwao katika Bunge na serikali kulikuwa ni habari. Lakini baada ya hapo wana majina, wana majimbo, wana taaluma. Possi ni mwanasheria. Gazeti lililoendelea kuandika "mbunge albino" katika habari ya maji au barabara lilikuwa limeshatoka kwenye kutambulisha.

Kuhusu mauaji yale, vyombo vya habari vina sifa na vina lawama. Sifa, kwa kuwa waandishi walihatarisha maisha yao. Vicky Ntetema wa BBC aliwaendea waganga kwa siri mwaka 2008 akafichua biashara hiyo, na akatishiwa. Lawama, kwa kuwa kila habari ilirudia bei ya viungo, na kurudia kuwa "vinaaminika kuleta utajiri", bila ya mstari mmoja unaosema kuwa ni uongo. Msomaji aliyekuwa hajapata kuisikia imani hiyo aliisikia kwanza gazetini. Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli Januari 2015. Mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino, ambaye hajafikisha miaka mitatu, aliuawa wilayani Muleba. Mimbari zetu, ambazo zina hoja nzito kuliko zote dhidi ya ramli na ushirikina, zilikuwa na la kusema kwa sauti kubwa katika miaka hiyo yote, na nyingi zilinong'ona.

Na tukizitaja mimbari, tuseme yote. Khatibu anafasiri Suratul-Baqara (2:18) juu ya wanafiki, na anapofika kwenye viziwi, mabubu na vipofu anapandisha sauti na kuwashambulia "vipofu hawa" dakika nzima, na kwenye safu ya pili ameketi kipofu aliyeshikwa mkono na mjukuu wake kuja kusali. Qur'ani yenyewe imeweka wazi katika Suratul-Hajj (22:46) kuwa upofu unaokusudiwa si wa macho, ni wa nyoyo zilizo vifuani. Kuisoma aya hiyo ya pili baada ya ile ya kwanza kunachukua nusu dakika. Vilevile kuna dua ya kumshukuru Mwenyezi Mungu anayoisoma mtu akimuona aliyepewa mtihani, iliyopokewa na Tirmidhi. Dua hiyo imesemwa na wanazuoni, Nawawi akiwemo, kuwa huletwa kwa siri, ili aliyepewa mtihani asiisikie ikamuumiza moyo. Huku kwetu inasomwa kwa sauti, na mara nyingine inafuatishwa na "hujafa hujaumbika", mbele ya mhusika, kana kwamba ameumbwa awe ubao wa tangazo kwa wengine.

Historia ya Uislamu haikuwa hivi. Ataa, aliyetupokelea hadithi tuliyoanza nayo, ameelezwa katika vitabu vya tarekhe kuwa alikuwa mweusi, chongo, mwenye mkono uliopooza, akichechemea, na mwisho wake akapofuka. Na ndiye aliyekuwa mufti wa Makka, na wakati wa Hija ikitangazwa kuwa asitoe fat-wa mwingine ila yeye. Qatada bin Diama wa Basra alizaliwa kipofu. Ibn Umm Maktum aliadhini, na Mtume (s.a.w.) alimwachia Madina akasalisha watu. Katika zama zetu Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa mufti wa Saudi Arabia hali ya kuwa haoni, na kanda za Sheikh Abdulhamid Kishk wa Misri zilizagaa ulimwenguni. Al-Jahidh aliandika kitabu kizima juu ya wenye mbaranga, viguru, vipofu na wenye makengeza, na As-Safadi katika karne ya 8 Hijria akakusanya tarekhe za vipofu mashuhuri. Wasomaji wao waliwakuta humo watu wa elimu, mashairi na utawala.

Hapa petu mtu anaweza kumkumbuka Mzee Morris Nyunyusa. Hukumu ya ngoma tuiache mahali pake. Tunachokitaja ni kwamba kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Radio Tanzania ilitanguliwa na ngoma zake, nchi nzima ilisimama kuzisikiliza, na wengi katika waliozisikia kila siku hawakujua kuwa mpigaji alikuwa kipofu. Hakuombewa huruma. Alikuwa kazini.

Tusije tukasema kuwa vitabu vyetu vya fiqhi havina lolote la kuulizwa. Wanazuoni wa Kishafii wameshurutisha kadhi awe anaona, anasikia na anasema, na wamebatilisha mauzo ya kipofu katika kitu kinachohitaji kuonwa, ila amuwakilishe mtu. Upande wa pili, wamesema uimamu wa kipofu na wa anayeona ni sawa, wakati Wahanafi wameukirihisha ila akiwa ndiye mjuzi zaidi. Na ishara ya bubu inayofahamika imehesabiwa kuwa kama tamko. Kanuni hiyo imeingia hata katika Majalla ya Kiothmania, kifungu cha 70. Ukizipima hukumu hizi utaona zinauliza swali moja, ikiwa jambo hili mahususi linamwezekania mtu huyu au haliwezekani. Haziulizi thamani yake. Huo ndio ustaarabu uliokosekana katika magazeti.

Limebaki jambo la safu zetu wenyewe. Shule ya kwanza ya vipofu nchini, ile ya Buigiri Dodoma, ilifunguliwa na Waanglikana mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora ikafunguliwa na Wakatoliki mwaka 1963. Kijana wa Kiislamu asiyeona alijifunza nukta nundu huko, akasoma kwa vidole kila kilichokuwepo, na msahafu wa nukta nundu haukuwa miongoni mwake. Misikiti yetu nayo ina ngazi tano mlangoni na sehemu ya kutawadha yenye utelezi, na baiskeli ya mlemavu inaachwa nje pamoja na viatu.

Madhehebu ya Shafii inamlazimu kipofu kuhudhuria Ijumaa akipata wa kumuongoza, hata kwa ujira kama anao uwezo. Asipompata, ana udhuru. Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, mnamo mwaka 88 Hijria, aliwawekea wenye ukoma posho wasiombe, akampa kila kipofu muongozaji na kila kiwete mtumishi, wote kwa fedha za umma. Msikiti wa Endagikot hauna hazina ya khalifa. Una vijana wenye pikipiki, ambao kila Ijumaa wanapita mbele ya nyumba ya asiyeona wakienda kusali.

Na kwa maimamu na wanafunzi wa fiqhi tunaacha mas'ala moja iliyo hai, hasa penye Waislamu wachache. Wanazuoni wa Kishafii wameshurutisha watu 40 wasikie nguzo za khutba, na wakaeleza kuwa wakiwemo viziwi idadi ikapungua, haisihi. Sababu waliyoitaja ni kuwa hawasikii, sawa na aliye mbali. Sasa penye mkalimani wa lugha ya alama aliyesimama pembeni ya mimbari, na kiziwi akazifahamu nguzo zote za khutba kwa macho kuliko anayesinzia karibu na spika, je, anahesabiwa katika wale 40 au hahesabiwi? Tungependa kuzisoma dalili za pande zote mbili katika kurasa hizi.

Wallahu a'lam.